Tuzo Hufundisha Nini?

Wahenga walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Jina la Mafiga, kata iliyomo mjini Morogoro, latukumbusha hekima hiyo, nayo yafaa kuzingatiwa kila ofisi inapoacha daftari na kushika kompyuta. Mashine ni figa la kwanza. Ujuzi ni la pili. Nia ya mtumishi ni la tatu. Serikali yetu iliweka kompyuta katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini wataalamu walikuwa wachache mno, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ukapigwa marufuku.

Ili kuamsha nia hiyo, siku hizi wako wanaoshauri kwamba kazi iwekewe kanuni za mchezo: alama kwa kila hatua, ngazi za kupanda, na orodha ya washindi. Ushauri huu si wa kudharauliwa. Hapana shaka kwamba tuzo hufundisha. Lakini hufundisha nini?

Jibu laonekana huko huko Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akionyesha mahali penye baruti husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula, kama vile ndizi. Akikwaruza mahali patupu, hapewi kitu. Lau mwalimu angetoa ndizi kwa kila mkwaruzo, angepata panya hodari wa kukwaruza, asiyefaa kabisa katika uwanja wa mabomu.

Sasa tuuchukue mtambo wa kusafisha maji, kama ule wa Mafiga unaopokea maji ya Bwawa la Mindu. Tuseme watumishi wanajifunza kuandika vipimo vya tope na klorini katika kompyuta, na mshindi ni yule anayejaza mapema kuliko wote. Haitapita muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kujaza tarakimu bila kupima. Orodha ya washindi itapendeza, na mji utakunywa maji yasiyopimwa.

Tena, binadamu si panya. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio lao juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti ili wachore walionekana baadaye kupenda kuchora kidogo kuliko wenzao.

Kwa hiyo, mchezo na uwe wa mazoezi, kwa tarakimu za majaribio, ambapo kosa halimdhuru mtu. Mchezaji wa bao hujifunza kwa kupoteza kete na kuanza upya. Alama zitolewe kwa usahihi na kwa kumsaidia mwenzake. Na zoezi likiisha, ziondolewe.

Nao walimu wanaompa zawadi mwanafunzi anayemaliza hesabu kwanza yawapasa wajiulize: wamemfundisha kuhesabu, au kuwahi?