Kabichi iliyozaa kampuni

Wazazi wengi wanaijua hali hii: safari ni kesho, friji bado lina chakula, na hakuna wa kukila. Wengi hukitupa huku roho ikiwauma, kisha mambo yakaisha. Tessa Clarke hakuweza.

Mwishoni mwa 2014, Clarke alikuwa akihama Uswisi kurudi Uingereza na watoto wawili, mmoja akiwa mchanga. Waliokuja kufunga mizigo walimwambia atupe chakula kilichobaki: viazi vitamu, kabichi na mtindi. Wazazi wake ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, hivyo alikua akijua jasho linalomwagika hadi chakula kifike mezani. Aliwachukua wanawe akatoka kutafuta wa kumpa. Hakumpata. Mwishowe alivificha chini ya maboksi vile visivyoharibika haraka.

Ndipo lilipomjia wazo la programu ya simu ya kumkutanisha mwenye chakula cha ziada na jirani anayekihitaji. Alimshirikisha rafiki yake, Saasha Celestial-One, waliyesoma naye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Hapa ndipo wengi huteleza. Akiba ya familia humalizikia kwenye programu ambayo baadaye haipati mtumiaji. Wanawake hawa walianza kwa kuuliza. Katika maswali waliyosambaza mtandaoni, takribani mtu mmoja kati ya watatu alisema kutupa chakula kizuri humuumiza sana.

Lakini kusema si kutenda. Waliwaomba 12 kati ya waliojibu, wanaoishi jirani jirani, waingie kwenye kundi la WhatsApp kwa wiki mbili na kuweka humo chochote kilichowazidi. Cha kwanza kutolewa kilikuwa nusu mfuko wa vitunguu vidogo, na kikapata mwenyewe. Baada ya jaribio hilo ndipo wakatengeneza programu. Olio ilianza Julai 2015 katika maeneo machache ya kaskazini mwa London.

Swali gumu lilibaki: nani atalipa? Anayegawa nusu mkate hawezi kutozwa. Mwenye duka ni tofauti. Kila jioni hubakiwa na mikate na vyakula vinavyokaribia tarehe ya mwisho, na kuvitupa kuna gharama. Olio ilifundisha watu wa kujitolea wavichukue dukani na kuvigawa bure mtaani, na biashara zikailipa kampuni kwa huduma hiyo. Mwaka 2020 Tesco, supamaketi kubwa ya Uingereza, ilitangaza kuitumia katika maduka yake yote nchini humo.

Maduka, hata hivyo, si mkosaji mkuu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Maduka yalichangia asilimia 12, hoteli na wauza chakula 28, na majumbani asilimia 60. Jiko la nyumbani linaongoza.

Mzazi anayefikiria biashara ya namna hii ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kugusa ada ya watoto. Nani ana chakula cha ziada, na hukipata siku gani? Nani atakuja kukichukua kabla hakijaharibika? Na nani yuko tayari kulipia kazi hiyo? Juu ya yote kuna usalama: chakula ambacho mzazi hawezi kumpa mwanawe, asimpe mtoto wa jirani.

Maswali mawili ya kwanza yanaweza kujaribiwa kwa kundi la WhatsApp la mtaa na wiki mbili za subira. La tatu halijibiwi kwenye kundi. Apelekewe mwenye duka jioni, wakati anahesabu mikate iliyombakia.