Mwokota Makopo Naye ni Jirani

Dar es Salaam na Nairobi zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni maganda na mabaki ya chakula, ambayo karibu hayana mnunuzi. Chupa za plastiki na vyuma chakavu huuzwa kwa kilo, lakini mapato hayo pekee hayatoshi kulipia gari la taka. Basi tulipe ada kwa wakati, na plastiki safi tumtengee mwokotaji. Ikichafuka, bei hushuka. Nyembe, sindano na vigae vya chupa tuvifunge ndani ya kopo gumu. Jeraha dogo laweza kuleta pepopunda. Ruthu aliokota masazo shambani akapata chakula. Mwenye shamba hakumfukuza. Nasi tusimfukuze mwokotaji mlangoni.