Gari la Moshi la Kamanyola

Wenzangu wengi hudhani gari la moshi halikupata kuja karibu na Rusizi. Sivyo. Ng'ambo tu ya mto, Kamanyola, panapotazamana na Bugarama yetu, ndipo ilipoishia reli ndogo kutoka Uvira. Ilianza kazi miaka ya 1930, ikafungwa miaka ya 1950, mizigo ikachukuliwa na malori. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, na humo imetunzwa Mount Gelai, injini kubwa ya moshi yenye jina la mlima wa Tanzania. Sisi hatuna hata msumari! Lakini wapo wazee, wachache sasa, waliosikia honi ile bondeni. Likizo hii mimi nitakwenda Bugarama na daftari. Nani atafuatana nami?