UCHAMBUZI: Mitambo ikihamishwa, mteja aambiwe nini?

ILANI huja kwa arafa, mara nyingi jioni. Huduma hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kutokana na shughuli za kuboresha mitambo, na mteja anaombwa radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Kwa mhandisi anayehamisha seva kutoka jengo moja hadi jingine, hizo ni saa ambazo nchi nzima imelala. Lakini kwa mchuuzi anayewasili katika soko la Wakulima jijini Nairobi, maarufu kama Marikiti, kabla ya mapambazuko ili anunue nyanya kwa pesa zilizo kwenye simu yake, hizo ndizo saa za kazi.

Ilani za aina hii huenda zikaongezeka. Kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zinaagiza kwamba data zenye umuhimu kwa taifa, zikiwemo za usajili wa raia, uchaguzi, malipo ya kielektroniki na afya, zishughulikiwe katika vituo vilivyo nchini, au angalau nakala moja ihifadhiwe humu humu. Serikali nayo imejenga kituo cha kitaifa cha data katika mji wa kiteknolojia wa Konza. Seva zilizo ng'ambo, na zile zilizorundikwa katika vyumba vya chini vya majumba ya wizara, zitalazimika kuhama siku moja.

Wakenya si wageni wa uhamaji huu. Kwa miaka kadhaa baada ya kuzinduliwa Machi 2007, M-Pesa iliendeshwa kwa mitambo iliyokuwa Ulaya. Mama aliyetuma Sh500 kutoka Kisumu hadi Kakamega hakujua kwamba ujumbe wake ulisafiri hadi bara jingine na kurejea kabla ya simu ya mpokeaji kulia. Mnamo Aprili 2015 kampuni ya Safaricom iliitoa mitambo hiyo Ujerumani na kuileta nyumbani, ikabadilisha pia mfumo wenyewe. Kazi hiyo iligusa mamilioni ya watu, na wengi leo hawaikumbuki hata kidogo. Pengine hiyo ndiyo sifa kubwa inayoweza kupewa kazi ya aina hii.

Yapo maswali ambayo mteja huuliza kwa haki. Kwa nini huduma zisimame kabisa? Je, haiwezekani mitambo mipya ianze kabla ya ile ya zamani kuzimwa? Jibu li katika daftari la hesabu. Data inaweza kunakiliwa kwa majuma kadhaa huku huduma zikiendelea, lakini madaftari mawili hayawezi kupokea maandishi mapya kwa wakati mmoja bila kukinzana. Mteja mwenye Sh1,000 angeweza kuzitoa katika daftari la zamani na kuzitoa tena katika jipya. Hivyo lazima ufike wakati ambapo la kwanza linafungwa, mistari ya mwisho inanakiliwa, hesabu zinalinganishwa, kisha la pili linafunguliwa. Mashirika yenye fedha nyingi na mifumo ya kisasa huweza kuufanya muda huo kuwa mfupi mno, ila si rahisi kuuondoa.

Hata baada ya kufunguliwa, si wote hurejeshewa huduma kwa pamoja. Kompyuta na simu nyingi huhifadhi kwa muda anwani ya mahali tovuti ilipokuwa. Ndiyo maana jirani mmoja huingia katika akaunti yake asubuhi ilhali mwenzake, kwa simu ya aina ile ile, anaambiwa kuwa tovuti haipatikani. Jambo hili linajulikana kwa mafundi wote, na ni nadra kulikuta likielezwa katika ilani.

Mfano ambao wasimamizi wa benki na mashirika ya umma wanafaa kuusoma kwa makini ni wa benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilikuwa imetengana na Lloyds na kununuliwa na Sabadell ya Uhispania mwaka 2015, lakini iliendelea kukodi mitambo ya mmiliki wake wa zamani. Iliamua kuhama. Wateja walifahamishwa mapema kwamba baadhi ya huduma zingefungwa kuanzia alasiri ya Ijumaa, Aprili 20, 2018, hadi Jumapili jioni. Kufikia hapo, kila kitu kilikuwa kimefanywa kama inavyotakiwa.

Data ilihama salama. Kilichoanguka ni mfumo ulioipokea. Mara tu milango ilipofunguliwa, wateja walishindwa kuingia katika akaunti zao, na baadhi yao wakaona akaunti za watu wengine. Takriban watu milioni 1.9 walifungiwa nje, miongoni mwa wateja milioni 5.2. Uchunguzi wa mawakili wa Slaughter and May, uliochapishwa Novemba 2019, ulionyesha kwamba mfumo mpya ulipangwa kuendeshwa na vituo viwili vya data kwa pamoja, lakini majaribio ya kupima uwezo wake yalifanywa katika kimoja tu. Aidha, benki ilichagua kuhamisha karibu kila kitu kwa mkupuo mmoja badala ya kuhamisha wateja kwa makundi.

Hata hivyo, kilichowakera Waingereza zaidi ni maneno. Siku chache baada ya mkasa huo kuanza, afisa mkuu mtendaji Paul Pester alitangaza kwamba huduma za mtandaoni zimerejea, wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa bado wanatazama skrini tupu. Kamati ya bunge ikamkosoa vikali, naye akaondoka Septemba mwaka huo. Hali haikurejea kuwa ya kawaida kikamilifu hadi Desemba. Mwaka 2022 wadhibiti waliitoza benki hiyo faini ya Pauni milioni 48.65, mbali na fidia ya Pauni milioni 32.7 iliyolipwa wateja.

Wateja wa TSB waliambiwa saa ya kufungwa na saa ya kufunguliwa, lakini benki haikuwa imejiandaa vya kutosha kwa siku ambayo saa hizo zingepita. Simu za wahudumu zilizidiwa mara moja. Ilani inayotaja muda bila kutaja njia mbadala humwacha mteja na saa ya ukutani tu.

Matapeli nao husoma ilani. Katika kipindi hicho cha TSB, wateja wapatao 1,300 walipoteza pesa kwa walaghai. Mkenya anayepigiwa simu kila juma na mtu anayejidai kuwa mhudumu wa wateja anaelewa jinsi simu hiyo ingekuwa tamu zaidi siku ambayo kila mtu anajua mitambo inahamishwa: "Akaunti yako haikuhama vyema, tupe nambari ya siri tuisaidie." Ilani ya kuhama isiyosema waziwazi kwamba hakuna atakayeombwa nambari ya siri inawatengenezea walaghai njia.

Wapo wasimamizi wanaohofia kwamba ilani ndefu itawatia wateja wasiwasi, wakimbilie kutoa akiba zao. Hofu hiyo ina mashiko kiasi, hasa kwa benki ndogo. Lakini kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma, na hakisemi kwamba haki hiyo inategemea ujasiri wa msimamizi. Isitoshe, mteja akijua mapema atanunua tokeni za stima jioni, ataweka noti mbili tatu mfukoni na kulipa karo siku mbili kabla. Asiyejua atasimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali saa nane usiku akiwa na simu iliyojaa pesa asizoweza kuzigusa.

Tarehe nayo ina uzito. Mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, siku za mwisho za Juni watu wanapowasilisha ripoti za ushuru, na majuma ya Januari shule zinapofunguliwa, si nyakati za kugusa seva. Vivyo hivyo Jumapili asubuhi, ambayo mafundi huipenda, ingawa makanisa mengi sasa hupokea sadaka kwa nambari ya malipo.

Linabaki suala la muamala uliokwama. Daima huwepo mtu aliyebonyeza kutuma dakika moja kabla ya mitambo kuzimwa. Salio limepungua, mpokeaji hajaona kitu, naye anatuma tena. Mitambo ikirejea, malipo yote mawili huenda yakapita. Taasisi inayohama inapaswa kueleza mapema malipo kama hayo yatarejeshwa baada ya muda gani na kupitia ofisi ipi, ili mchuuzi wa Marikiti asipoteze siku mbili za biashara akifuatilia bei ya kreti moja ya nyanya aliyoilipia mara mbili.