Panadoli si dawa ya paka
Paka akigongwa na bodaboda hapa Nkuhungu, jirani mwenye huruma hukimbilia panadoli. Huruma hiyo inaua: ini la paka haliwezi kuivunjavunja parasetamoli kama letu, na kidonge kimoja tu chaweza kummaliza. Fedha ikiwa haba, anza na visivyogharimu. Mfunike kwa taulo kuukuu asikurarue, mlaze kwenye boksi lenye matundu, kidonda kioshe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Akikung'ata, jioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende zahanati, maana kichaa cha mbwa hupitia kwa paka pia. Halafu mtafute afisa mifugo wa kata. Wengi humwona mtu wa ng'ombe na mbuzi tu (huku kwetu ng'ombe ndiye mwenye heshima zake), ila Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumwacha paka nje. Mwambie mapema ulicho nacho mfukoni, umuulize kipi ni cha lazima leo. Mguu uliovunjika bila kidonda waweza kungoja asubuhi. Paka anayehema mdomo wazi mpeleke sasa hivi, hata kwa mkopo.