Eti dadangu amenukuliwa mara ngapi?

Wasee, leo siongelei muziki wala simu mpya. Naongelea namba moja iliyomfanya dadangu alale na nguo za intavyu.

Dadangu mkubwa ni muuguzi. Miaka minne sasa amefanya kazi za utafiti wodini: anaamka saa nane usiku kupima mtoto joto, anajaza fomu, anamweleza mama mmoja mara tatu kwa nini damu inachukuliwa. Mwezi uliopita alienda kutafuta kazi ya kusimamia utafiti kama huo. Swali la pili la paneli: una makala ngapi, na yamenukuliwa mara ngapi? Sifuri. Jina lake liko mwisho wa makala moja, kwenye shukrani, limebanwa katikati ya mengine kumi.

Nikaamua kuichimba hii namba. Kumbe ni dunia yangu kabisa! Mtafiti akichapisha kitu na watafiti wengine wakikitaja kwenye kazi zao, anahesabiwa. Ni kama watazamaji tu, ila hawa wana PhD. Kuna hata alama ya jumla, h-indeksi, iliyobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 40, na kila moja imetajwa angalau mara 40, h yako ni 40. Ukiingia Google Scholar unaipata imekaa kando ya jina la mtu kama wafuasi wa TikTok.

Sasa, mimi naishi kwa namba za aina hii, kwa hivyo nisikizeni kidogo. Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ile niliyokosea. Watu walikuja kunicheka. Sayansi pia iko na hizo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha kwenye The Lancet utafiti wa watoto 12 tu, akihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Baadaye ikaonekana habari za wale watoto zilikuwa zimechezewa, na 2010 jarida likaufuta. Lakini umetajwa zaidi ya mara elfu moja, wengi wakiupinga. Namba haijui kama unasifiwa ama unachapwa.

Halafu kuna upande wa pili, na huu uko karibu na nyumbani. Kathryn Maitland ni profesa wa Imperial College London, lakini kwa miaka mingi kazi yake iko Kilifi. Kulikuwa na imani kwamba mtoto akifika hospitali na homa kali na damu yake haizunguki vizuri, awekewe maji mengi ya mshipa, haraka. Yeye na wenzake wakaamua kulijaribu hilo Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141. Jaribio likaitwa FEAST, na likasimamishwa kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, walifariki kama watoto 10.5 kwa kila 100 waliowekewa maji ya haraka. Kwa wale ambao hawakuwekewa, 7.3. (Watoto wanaohara hawakuwa kwenye jaribio hili, kwa hivyo usiende kugombana na daktari ukinitaja mimi.)

Matokeo yalitoka 2011 kwenye New England Journal of Medicine, jarida ambalo kila mtafiti wa tiba analiota. Yakaanza kunukuliwa kila mahali. Namba ikapanda. Lakini kitabu cha mfukoni cha WHO cha 2013, cha kutibu watoto kwenye hospitali zisizo na vifaa vingi, kilikuwa bado kinapendekeza maji ya haraka kwa mtoto wa hali hiyo. 2014 watafiti wakalazimika kuandika tena, kwenye BMJ, kuuliza mbona FEAST imeachwa nje. Mwongozo uliorekebishwa ulitoka 2016. Miaka mitano! Weka hiyo miaka mitano kwa wodi, na watoto watatu zaidi kwa kila mia.

Sisemi namba ni takataka. Mtu ambaye hajatajwa na yeyote miaka ishirini pengine anajiandikia tu, na kijana asiye na mjomba kwenye kamati anaweza kuokolewa na h yake. Lakini hata wanasayansi wenyewe wamechoka. Tamko la San Francisco, DORA, lililoandikwa 2012, linaomba watu wasiajiriwe kwa kuangalia jina la jarida, kazi yenyewe isomwe.

Na wale watoto 3,141 hawakujipima. Kuna mtu alikuwa macho saa nane usiku akiandika mpigo wa moyo wa kila mmoja, na kazi hiyo haina h. Paneli ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia watu kama hao, ndio maana hadi leo sielewi walikuwa wanauliza nini.

Dadangu ameitwa kwingine Alhamisi. Nimemchapishia ratiba za zamu zake zote za usiku, zile alizokuwa amezihifadhi kwa simu. Kurasa kumi na moja. Anasema ninamletea aibu. Nimezitia kwa mkoba wake na sijamwambia.