Diploma ya umeme iliyoandikwa kwa chaki



Leo nataka kuandika juu ya waya na mota, na najua wako watakaosema kwamba katekista ameacha altare akaingia kiwandani. Wangoje kidogo. Neno langu ni neno la amri ya nane na la amri ya tano, wala sikulitafuta mbali. Nimelikuta mlangoni pa kinu cha mahindi, hapa hapa Likasi.

Katika mtaa mmoja wa mji wetu kuna kinu kinachosaga unga wa bukari kwa nyumba nyingi. Mota yake inawashwa kwa kisu, yaani kile kiwashio cha mkono kinachosukumwa juu na kushushwa chini. Siku moja umeme ulikatika, kama tulivyozoea. Kijana wa kinu hakushusha kisu. Aliingiza mkono kutoa unga ulioshikamana karibu na mkanda. Umeme ukarudi, na mota haikungoja mtu. Kijana yule leo anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto.

Na aliyefunga mota ile ana diploma ya Serikali ya ufundi wa umeme, tena yenye alama nzuri.

Nilimtafuta fundi huyo, si kwa kumhukumu, maana namfahamu tangu alipokuwa katika darasa langu la Kipaimara. Nikamwuliza, “Shuleni mlifunga mota ngapi?” Akainamisha kichwa. “Mwalimu, tulichora.” Miaka minne walichora! Kontakta aliijua kwa chaki nyeupe na nyekundu ubaoni. Ile ya chuma aliiona mara ya kwanza dukani, siku alipokuwa amekwisha kupewa karatasi ya kusema kwamba anaijua.

Na tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Kuna vitufe viwili. Ukibonyeza cha kwanza, umeme unafika katika koili ya kontakta, koili inavuta chuma, na chuma kinafunga njia tatu za kwenda kwenye mota. Pamoja nazo inafungwa njia ndogo ya nne, ambayo kazi yake ni kuilisha koili yenyewe, ndiyo maana ukiondoa kidole mota inaendelea. Kitufe cha pili kinaikata njia ile ndogo, na yote yanasimama. Basi umeme ukikatika mjini, koili inaachia chuma. Umeme ukirudi, mota inabaki kimya mpaka mtu mwenye akili zake abonyeze tena. Hicho tu ndicho kilichopungua katika kinu kile. Mwanafunzi akiifunga kwa mikono yake mara tano haisahau mpaka kufa. Akiichora mara hamsini anaisahau baada ya mtihani.

Sasa nauliza: diploma ni nini? Ni ushuhuda. Wakubwa wanatia sahihi na muhuri, wakiuambia ulimwengu, “Huyu anajua kazi hii.” Kama hajui, nao wanafahamu kwamba hajui, je, ushuhuda huo tuuiteje? Katekisimu ina jina lake, na watoto wa Komunyo ya kwanza wanalijua. Wala tusimtupie kijana kosa hilo. Alilipa, alikaa, alinakili alichopewa.

Wako wazazi wanaoniambia mlangoni pa kanisa, “Mwalimu, shule ya ufundi ni ya walioshindwa, mtoto wangu mwenye akili atasoma sheria.” Sitamtaja hapa Mtakatifu Yosefu, maana tangu Papa Pio XII alipoiweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, kila tarehe 1 Mei tunamwimbia kwa sauti kubwa, kisha tunarudi nyumbani kumkataza mtoto nyundo. Nasema hivi tu: mwanasheria akikosea, kuna rufani. Aliyeshika waya wa umeme kwa kosa la fundi hana mahali pa kukata rufani. Wanaostahili kupelekwa katika kazi hiyo ni wenye akili, nanyi mnatupelekea waliobaki.

Wengine wanasema, “Mambo ya mashine zinazojiendesha ni ya wageni, sisi hatutayafikia.” Neno hili linanikasirisha kuliko yote. Mwaka 1968 huko Marekani kampuni ya magari General Motors ilichoka na makabati yaliyojaa relei, ikataka chombo kimoja kinachoweza kupangwa upya bila kuvuta nyaya mpya. Kikatengenezwa. Na waliokitengeneza walifanya kwa busara: programu yake waliiacha ichorwe kama ngazi, kwa alama zile zile za mchoro wa relei, ili mafundi wa umeme waliokuwa kiwandani waweze kuisoma. Maana yake, aliyeelewa vitufe viwili vya kinu cha mahindi amekwisha kukanyaga ngazi ya kwanza. Anayeshindwa ni yule ambaye hakufunga hata hivyo viwili.

Na mitambo yenyewe haikai mbali nasi. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, inatoa umeme tangu 1930. Ilichakaa, ikatengenezwa upya, na mwaka 2021 ilikuwa na mitambo 6 mipya yenye nguvu ya megawati 78. Laini ya kutoka Inga hadi Kolwezi inapita kilometa 1,700 hivi tangu mwaka 1982. Shaba yetu inachimbwa na kusafishwa katika viwanda ambamo pampu na mikanda vinaamriwa kutoka chumba kimoja. Haya yote yako Katanga, na kijana wa Likasi anayaangalia kutoka nje ya ukuta, diploma mkononi.

Basi wakuu wa shule wananijibu, “Tupe vyombo, nasi tutafundisha.” Jibu hili lina ukweli nusu. Mwalimu analipwa kidogo, na anayejua kazi vizuri anakimbilia migodini; nani atamlaumu? Lakini nusu ya pili ni hii. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika ule mpango tuliouita wa kuondoka kwa hiari (neno “hiari” nawaachia wao walieleze). Kati yao wako waliotunza mota za Shituru na Panda muda wa maisha yao. Wanakaa vibarazani. Nimekwisha kusindikiza kadhaa makaburini, na kila mara naona tumezika darasa zima. Ni shule ngapi zilizowahi kumwita mzee mmoja, hata Jumamosi moja tu, aje na bisibisi yake?

Mzee wa namna hiyo alinionyesha jambo ambalo sijaliona katika daftari la mwanafunzi hata mmoja. Kabla ya kugusa waya, unajaribu kipimaji chako mahali unapojua pana umeme, kisha unapima waya unaotaka kuugusa, kisha unarudi kupima tena pale penye umeme. Maana kipimaji kilichokufa nacho kinasema “hakuna umeme”. Na kufuli ya kukatia umeme ni yako mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Hayo hayahitaji msaada kutoka Ulaya.

Na vyombo vyenyewe? Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau 0.3 kwa mia ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Wakristo wetu wanakaa katika kamati zinazopanga fedha hizo. Wanaomba nini? Ukuta upakwe rangi, bamba la jina liwekwe, bendi ipige. Ombeni meza za kazi, kontakta, nyaya za kuharibiwa na wanafunzi. Ndiyo, za kuharibiwa, kwa sababu hakuna anayejifunza bila kuunguza kitu.

Nao mnaowapokea vijana kwa staji, msikilizeni Mtakatifu Yoane Bosco, ambaye wanawe walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Kule Torino mwaka 1852 aliandikiana mkataba na seremala kwa ajili ya kijana mmoja: bwana amfundishe ufundi, amkosoe kwa maneno, asimtume kazi zisizo za ufundi huo, amwache huru siku za sikukuu. Leo staji ya vijana wetu wengi ni kufagia karakana na kununua mikate ya mabwana, halafu wanatiliwa sahihi kwamba wamejifunza. Huo ni ushuhuda wa pili wa uongo juu ya ule wa kwanza.

Ninaloliomba kwa shule zetu za Kikatoliki ni moja. Siku ya juri, asitiliwe sahihi mwanafunzi yeyote mpaka amefunga mota kwa mikono yake mbele ya watu, umeme ukatwe, urudishwe, na mota isimame kimya. Mkuu mmoja ameniambia kwamba tukifanya hivyo mwaka huu watapita wachache mno. Nami nimemjibu kwamba nafahamu.

Kinu cha mtaa ule bado kinawashwa kwa kisu. Mwenyewe amekubali kununua kontakta, ila anataka ifungwe na mtu ambaye amekwisha kufunga nyingine mahali pengine. Mpaka leo sijampelekea mtu.